Mkalimani na Chama cha Chini ya Duka la Viatu

Hapana, Kaka, hukunisikia. Sikusema Mkalimani ni bora kuliko watu wote wa mtaa huu. Nilisema kila sikukuu, tangu miye sijaanza skuli, tunaingia nyumbani kwake, tunakula, tunapewa pesa zetu za sikukuu, tunatoka tunacheka. Na kesho mnataka tupite mbele ya mlango ule kama nyumba haina watu. Hilo tu ndo nililosema. Weye ukanambia, "Kakubali mwenyewe kwa mdomo wake, mbele ya watu." Sawa, kakubali. Basi miye nikauliza, mtu akisema kweli ndo anyimwe mkono wa idi? Ukanyanyuka ukenda kutia petroli. Baba akasema, "Khalas, maneno yamekwisha, nyumba ile kesho haendi mtu." Na Mama akaendelea kukata vitunguu kama hayumo.

Ndo maana naandika. Karatasi hainyanyuki ikenda kutia petroli.

Jina lake silitaji. Wala siandiki mtoto wa nani wala kabila gani, ijapokuwa Mama anasema khabari ya mtu bila ya hayo ni chai bila ya majani. Mwenyewe alikuwa hapendi. Huku kwetu Sib, Oman, mtu hajakaa kitako keshaulizwa: weye mtoto wa nani, wa Unguja au wa bara, mama yako nani, babu yako alikuwa na duka wapi? Akiulizwa yeye alikuwa akijibu, "Miye jirani yenu," anamimina kahawa. Akiulizwa mara ya pili anamimina tena, hata kama finjani imejaa.

Na yeye hamuulizi mtu. Ilihamia familia moja kutoka Burundi kwenye zile nyumba za serikali nyuma yetu, Waomani kama sisi lakini wa bara, na Kiswahili chao kikawa kinachekwa. Watu wa mtaa wakawa wanawatizama kwa pembeni. Mkalimani akenda siku ile ile na sinia la halwa, akakaa huko mpaka Magharibi. Alivyorudi Bibi yangu alikuwa anamngoja kwenye lango.

"Haya, ni kina nani?"

"Watu wazuri. Friji lao halifanyi kazi."

"Nakuuliza kabila gani!"

"Friji sikuliuliza kabila, Bibi."

Bibi alimnunia wiki nzima. Halafu akampelekea samaki wa kupaka, kwa sababu hakuwa na mtu mwengine wa kugombana naye vizuri vile.

Tunamwita Mkalimani kwa kazi yake. Wazee wetu wengi walirudi Oman na Kiswahili peke yake. Kiarabu chao ni cha kwenye sala, na Kiingereza hawana. Wakenda spitali wanakuta daktari Mhindi na nesi Mfilipino, hapo ndo anaitwa yeye. Anasimama katikati, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, mikono nyuma. Alikuwa na sharti moja: kinachosemwa ndicho kitakachofika. "Mkalimani hatii chumvi," alikuwa akisema. "Chumvi ya mwenye chungu."

Bibi alipokwenda kupimwa tumbo akasema, "Mwambie huyu daktari mikono yake baridi kama samaki wa juzi." Mkalimani akamwambia. Daktari akatoka akenda kunawa maji ya moto. Bibi akaona haya, akamrukia: "Sikukutuma umwambie!"

"Ulisema 'mwambie', Bibi. Nikamwambia."

"Hivyo ni kusema tu!"

"Basi siku nyengine unambie, hili la kusema tu, hili la kufika."

Lakini msidhani alikuwa malaika. Kwenye karata alikuwa mwizi. Anacheza na sisi watoto na anaiba mchana mweupe. Ukimkamata anasema, "Mashaallah, una macho," halafu anaiba tena. Sukari alikuwa anaibania. Chai yake chungu, na ukiomba kijiko cha pili anakutizama kama umeomba gari. Lakini gari lenyewe ukiliomba anakupa funguo. Alikuwa akiendesha taratibu mno, njia yote ya Sib mpaka mjini, malori yanampigia honi, na yeye anawapungia mkono kama wanamsalimia. Moshi wa udi hawezi kuuvuta. Kwenye harusi anakaa karibu na dirisha, kaziba pua kwa ncha ya kilemba, na watu wanasema huyu bwana anaringa. Msikitini yuko safu ya mbele kila Alfajiri, na ni yeye huyo huyo aliyegombana na imamu kuhusu kipaza sauti mpaka wakanyimana salamu mwezi mzima. Na mtu akinong'ona mbele yake anapanda hasira. "Sema au nyamaza," anasema. "Katikati hapana kitu."

Ajabu, mtu aliyekuwa akisema hivyo alikaa katikati miaka yote hiyo. Na miye nilimwambia hivyo leo, nitafika huko.

Kitu chengine ni simu yake. Sote tukiinua simu tunasema, "Aloo, nani?" Yeye anasema, "Nakusikiliza." Halafu kimya. Mama ilikuwa inamuudhi. "Nampigia nimwambie mkate tayari, ananifanya kama naungama!" Nilimuuliza sababu, nilikuwa msichana mdogo, akanambia mtu anayepiga mara ya kwanza keshainua simu akaiweka chini mara nyingi kabla ya hapo. Ukimuuliza nani, anakata. Ukikaa kimya, labda atasema. Nikadhani anawazungumzia wagonjwa wa spitali.

Na vikombe. Ukenda kwake vikombe vya kahawa anaosha mwenyewe. Hamwachii dada yake anayekaa naye, wala sisi wasichana. Mama akisema, "Lete, Ami, haiwi hivi," anamjibu, "Niliwahi kuhukumiwa vikombe, naendelea kutumikia." Tukacheka, tukadhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Ilikuwa ni khabari ya chama.

Kuhusu chama alikuwa hafichi, na hili Kaka unalijua, nawe ulikuwepo. Alasiri, anapokaa nje na Babu na Baba, anahadithia. Alikwenda Ulaya kusoma akiwa kijana, miaka ya sabini, kwenye mji wa bandari wenye mvua, na huko yeye na wenzake walianzisha chama. Walikuwa wachache, wanaenea kwenye chumba kimoja chini ya duka la viatu. Polisi walikuwa wanasimama upande wa pili wa barabara kutizama nani anaingia. Walikuwa na mashine ya kuchapia ya mkono, unazungusha, wino unaruka. Kesho yake kazini wanaficha vidole mfukoni. "Ukimwona mtu kaweka mikono mfukoni siku ya joto," alikuwa akisema, "unajua, huyu mwenzetu."

Sasa watu wetu, ukiwatajia kijana, Ulaya, miaka ya sabini, chumba cha chini, karatasi za kugawa, polisi, nani atauliza zaidi? Kila nyumba hapa ina mtu wake aliyepotea Unguja wakati wa mapinduzi, au nyumba iliyochukuliwa, au zote mbili. Wakajaza wenyewe. Babu akaamini Mkalimani alikuwa anapigania kurudisha nchi. Baba akaamini alikuwa upande wa pili, komunisti, lakini amejirudi, na kamsamehe. Wakawa wanabishana mbele yake miaka na miaka.

"Huyu alikuwa na sisi!"

"Na nyinyi wapi, Mzee, hukusikia mashine ya kuchapia? Hao makomunisti ndo walikuwa na mashine!"

"Na sisi tulikuwa na nini, ngoma?"

Na Mkalimani anamimina kahawa. Miye pia niliamini. Nilikuwa upande wa Babu.

Nilizipenda hadithi zile kuliko televisheni. Mwenye duka la viatu alikuwa mwanamke mzee, mjane, na yeye alidhani vijana wale wanakuja kusoma Biblia. Siku aliyogundua wanafanya nini alishuka ngazi na ufagio mkononi. Wote wakasimama ukutani. Akatizama karatasi zilizotapakaa chini, akauliza, "Nyinyi mnajua kufagia?" Wakasema ndiyo. "Basi fagieni," akampa ufagio aliyekuwa karibu, akapanda juu. Nikamuuliza Mkalimani, yule bibi alikuwa upande wenu? Akasema, "Alikuwa upande wa sakafu yake. Inatosha. Wengine hata hilo hawakutupa."

Waligombana mno kuhusu mlango. Wengine walitaka jina la chama liandikwe, ili mtu anayewatafuta awaone. Wengine wakasema tukiandika tutapigwa mawe. Wakapiga kura, wakaandika kwenye kioo, na kioo kikavunjwa. Wakaweka kioo chengine wakaandika tena, kikavunjwa. Halafu mmoja wao, fundi seremala, akatoa kioo kabisa akaweka mbao, jina akalichonga. "Mbao nayo walijaribu," Mkalimani akasema, "lakini mbao inachosha mkono."

Usiku mmoja wa wiki zamu ya kupokea simu ya chama ilikuwa yake. Simu iko juu ya meza, wanakaa wawili, wanangoja. Wengine wanapiga hawasemi kitu. Mmoja alikuwa anapiga kila wiki na hasemi neno, wanasikia saa ya ukutani kwake tu. Mwishoni akasema, "Ahsante," akakata, na hakupiga tena. Hawakujua kama kapona au kafa.

Na wanawake wa chama walihama. Walichoka, wanaume wanazungumza na wao ndo wanaosha vikombe. Wakaondoka wakafanya siku yao mahali pao. Waliporudi walirudi na sharti: anayezungumza sana mkutanoni ndiye atakayeosha. Hesabu ikamwangukia yeye. "Mwaka mzima," alisema. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Ndo maana hamkuipata nchi! Mlikuwa mnaosha vikombe!"

Na maandamano ya kwanza. Walikuwa kiasi cha kujaa basi dogo, na mvua ikanyesha. Mabango waliandika kwa wino ule ule wa mashine, ukatiririka wote, hayasomeki. Wanatembea na makaratasi meusi. Mwanamke mmoja barabarani akadhani ni waoka mikate, ambao siku zile walikuwa wamegoma, akaanza kuwapigia makofi. Na wengine wakafuata.

"Mkawaambia?" nikamuuliza.

"Hatukuwaambia. Tulikuwa hatujapigiwa makofi maishani. Tukayachukua."

Alivyosema hivyo hakucheka. Nakumbuka kwa sababu sote tulikuwa tunacheka.

Sasa Ramadhani hii. Babu alifuturisha watu nyumbani kwetu. Alikuja mgeni kutoka Unguja, mzee wa heshima, anakusanya kumbukumbu za watu waliohangaika nje kwa ajili ya kwao. Babu akamwita Mkalimani akamkalisha karibu ya mgeni, kamvisha kama bwana harusi kwa sifa. Wanaume majlisi, wanawake chumba cha pili, mlango wazi na pazia. Miye nilikuwa napitisha sambusa baina ya pazia, kwa hivyo niliona na nikasikia, hakuna aliyenihadithia.

Babu akasema, "Huyu ndo yule wa mvuani. Hebu mhadithie mgeni." Mkalimani akasema hapana haja. Babu akahadithia mwenyewe, na akatia chumvi yake: mvua, polisi, mabango, na juu ya mabango, kasema Babu, majina ya watu wetu waliochukuliwa.

Kwenye chumba cha wanawake alikuwepo Bi Mjane. Ni jirani yetu wa nyumba ya kona, mume wake alichukuliwa usiku huko Unguja na hakurudi, na maiti hakuonyeshwa. Yule mama hasemi sana. Akanyanyuka akaja mpaka kwenye pazia, kajitanda vizuri, akasema:

"Mwanangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Mume wangu alipochukuliwa nilidhani hapana mtu ulimwenguni aliyemtaja. Kumbe mlimtaja mvuani. Miaka yote nnakaa na weye mtaa mmoja sikukushukuru."

Nilikuwa nimesimama na sinia. Mkalimani alikuwa na tende mkononi, akairudisha kwenye sahani. Angeweza kusema amin, Kaka. Neno moja tu, na sote tungekula.

Akasema, "Bi Mkubwa, hapana. Shukurani hizo si zangu. Niliwahi kuchukua makofi yasiyokuwa yangu nikiwa kijana. Haya yako siwezi."

Babu akasema, "Vipi tena?"

Akasema, taratibu kama yuko spitali, mikono nyuma ijapokuwa amekaa: "Chama chetu hakikuwa cha Unguja. Kilikuwa cha wanaume wanaopenda wanaume, na wanawake wanaopenda wanawake. Tulikuwa tunataka tusifungwe, tusifukuzwe kazi, tusipigwe njiani. Na miye sikuwa mkalimani wao, nilikuwa mmoja wao. Mvuani nilikwenda kwa ajili yangu. Mume wako sikumtaja, Bi Mkubwa. Ningelimjua, ningelimtaja."

Mgeni akakohoa. Babu akamgeukia Baba, "Labda Kiswahili kimempotea, kakaa Ulaya sana." Masikini Babu. Kiswahili kilikuwa hakijampotea hata kidogo.

Wakanyanyuka kusali Magharibi pale pale. Miye nilikuwa nyuma ya pazia nikaona safu. Mnavyojua safu haiachwi nafasi, tunafundishwa toka utotoni, bega kwa bega. Yeye alisimama mwisho, na kati yake na aliye karibu pakabaki nafasi ya mtu mzima. Imamu akasema, "Sogeeni, zibeni nafasi." Akasema tena. Aliyekuwa karibu yake ulikuwa weye, Kaka. Na hukusogea. Mkalimani naye hakusogea kwako, akapiga takbiri yake pale alipo.

Toka siku ile hapana anayekaa nje kwake. Mama wa Burundi, wa lile friji, kasikia na yeye, anapitisha watoto njia ya nyuma. Baba alisema, "Bora angelikuwa komunisti kweli. Komunisti anatubu." Neno ulilolisema weye siliandiki. Babu kahawa yake ya baada ya futari anakunywa ndani, na anauliza saa ngapi kila mara.

Nilikwenda kwa Bi Mjane nikamuuliza kama kamchukia Mkalimani. Nilikuwa sina subira, sikumsalimia hata vizuri. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Kanirudishia shukurani zangu. Sasa sijui nizipeleke wapi." Nikamwambia, lakini kasema kweli. Akasema, "Ndo nnavyokwambia. Angelinidanganya ningelilala vizuri. Watu wangapi wamenidanganya nilale vizuri, mwanangu, wakubwa na serikali zao. Huyu hakutaka." Akaendelea na mchele.

Leo Mama kanituma iliki. Duka liko mkono wa kulia, miye nikashika kushoto. Niliingia kwa Mkalimani kwa mlango wa uani, nisionekane, na hilo linaniuma kuliko yote.

Dada yake alikuwepo jikoni. Ni mkubwa kwake, macho yake yamebaki mwanga tu, lakini jikoni mwake anakwenda kama anaona. Karowesha ngano ya boko boko kwenye sufuria kubwa kabisa, lile la harusi, lenye vishikio viwili. Kuku wamechemka pembeni.

"Nani huyo? Miguu ya haraka. Weye mjukuu wa Mzee. Haya nambie, mwaka huu kwenu mko wangapi? Jamaa zenu wa Sidab wamekuja?"

Nikasema wanakuja kesho.

"Basi haitoshi hii," akaanza kutafuta kikombe cha kupimia ngano.

Mkalimani alikuwa kwenye bomba anaosha finjani, zote, zile za kila siku na zile za wageni zenye mstari wa dhahabu. Bila ya kugeuka akasema, "Nimemwambia apike kidogo."

"Sikukuu haipikwi kidogo," dada akasema. "Watu wakija wakute chini ya sufuria? Aibu hiyo niiweke wapi?"

Nikamtizama Mkalimani. Akatikisa kichwa, maana yake usimwambie. Dada yake hajui. Au anajua na anaweka ngano vile vile, na hilo sijapata jibu mpaka sasa.

Tukatoka uani. Nikamuuliza moja kwa moja, kwa sababu yeye mwenyewe hapendi kunong'onewa: ulikaa katikati miaka yote hii, halafu siku moja ukasema, mbele ya watu wote, kwa nini?

"Babu yako na baba yako walikuwa wanabishana, raha yao, haimdhuru mtu. Yule mama alikuwa ananipa kitu cha mume wake. Ningekiweka wapi?"

"Unajuta?"

"Kusema, hapana. Najuta alisikia mbele za watu. Ningelimfuata kwake mapema. Sikudhani na yeye kaamini."

"Na hicho chama kipo bado?"

"Kipo. Kimekuwa kikubwa, kina jengo lake na watu wa mshahara. Duka la viatu halipo. Hawanijui, na si lazima wanijue. Mlango wao siku hizi wa kioo, nimeambiwa." Akafurahi hapo, nilimwona.

"Mbona ulikiacha?"

"Mamangu alikuwa hai, Oman ikawa inawaita watu wake warudi. Nikarudi. Mtu anarudi kwao."

Nikauliza, "Na Mungu?" Nilijua ni utovu wa adabu lakini nishauliza.

"Mungu nazungumza naye mara tano kwa siku. Ya huko ya huko. Weye usinikalimanie."

Miye sijui Mungu atamfanya nini, Kaka. Nawe hujui. Najua amefunga Ramadhani nzima, na tokea futari ile amefuturu na dada yake peke yao.

Nikamwambia kesho nakuja. Akasema usije. "Baba yako kasema neno lake, nimelisikia kwa jirani. Ukija utagombana kwenu, na utakuwa umekuja kunionea huruma. Boko boko la dada yangu haliliwi kwa huruma. Dada yangu mtu wa fakhari."

"Nakuja kula," nikasema. "Nna njaa."

Akacheka, kidogo. "Una ulimi."

"Na kesho usinibanie sukari."

"Hilo sikuahidi," akasema, akarudi kwenye vikombe vyake. Na miye nikatoka kwa mlango ule ule wa uani, nikanunua iliki, nikarudi. Mama akanusa pakiti, akanitizama, akasema, "Duka limehamia mbali siku hizi." Hakuuliza zaidi. Sijui yuko upande gani. Labda upande wa vitunguu.

Mwezi umeonekana, wametangaza kwenye televisheni. Weye Kaka ushapiga pasi kanzu yako. Baba anajaribu viatu. Wanafurahi, na miye pia nafurahi, siwezi kusema uwongo, sikukuu ni sikukuu. Lakini jikoni kule ngano imekwisha kurowa, na usiku kucha mwanamke asiyeona atakaa na mwiko anapiga boko boko la watu hamsini.

Basi nimeamua hivi. Kesho asubuhi wanaume wakishakwenda msikitini, nitavaa ile nguo mpya ya kijani na nitampitia Bi Mjane nyumba ya kona. Nitamwambia twende. Akikataa nitamwacha, ana haki yake, na miye nitakwenda peke yangu. Dada yake Mkalimani yupo, hapana wa kunambia haifai. Sitakwenda mlango wa uani. Nitangoja mpaka wanaume wanarudi kutoka kwenye sala, njia imejaa, Babu yumo, Baba yumo, weye umo, halafu nitasimama kwenye lango la barabarani nibishe hodi kwa sauti ya kusikika. Dada yake akiuliza nani na wangapi, nitasema tuko wawili, au niko peke yangu, kwa sasa. Nitakaa nile. Nikimaliza nitaomba sahani ya pili.